Kutoka kamera mpaka deki ya bibi: kazi nne za video ya nyumbani ambazo watu wanazifanya moja

Watu wengi hapa Unguja na Pemba wakianza kuediti video zao wenyewe wanakwama pahala pale pale. Video imeshakatwa vizuri kwenye laptopu, imetoka MP4, imeburutwa kwenye diski tupu ya dividii ikachomwa, kompyuta inaicheza bila taabu, alafu inapelekwa kwa bibi Mkunazini, inatiwa kwenye deki na deki inazunguka weee mwisho inaandika haiwezi kusoma. Hapo mtu analaumu diski, anakwenda Darajani kununua za kampuni nyengine, anachoma tena, mambo yale yale, sasa anailaumu deki na anamwambia bibi hii imeshakuwa kongwe. Deki nzima kabisa na diski nzima. Kuna kazi moja katikati imerukwa, na mwenyewe hajui kama imerukwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kama ipo.

Kuitoa video kwenye simu au kamera mpaka ikachezwa kwenye deki ni kazi nne mbali mbali. Ya kwanza kuediti, yani kukata, kupanga, kusafisha sauti. Ya pili kubana, yani kuigeuza ile video iwe aina ambayo deki inaijua na iwe na ukubwa wa kuingia kwenye diski. Ya tatu kuunda diski, hapa ndo unatengeneza menyu na sura (yani vituo vya kurukia kwa rimoti) na mafaili yale maalumu yanayoiambia deki ianzie wapi na iende wapi. Ya nne ndo kuchoma. Mtu anaporuka kutoka ya kwanza mpaka ya nne ndo anapata ile diski inayokataa. Na programu zenyewe zinachangia kuchanganya watu mana kila moja ina uhodari wake: Shotcut inaediti vizuri na ni ya bure lakini haiundi dividii, HandBrake inabana vizuri sana lakini haiundi diski wala haichomi, DVDStyler inaunda diski na menyu zake lakini si programu ya kukalia kuediti harusi nzima, na ImgBurn kazi yake khasa ni kuchoma. Mtu anaingia kwenye moja anatafuta kitufe ambacho hakimo, anakata tamaa.

Kuna atakaeuliza kwani saivi nani bado anataka dividii, si tunatumiana tu WhatsApp. Swali zuri. WhatsApp inaibana video mpaka uso wa mtu wa nyuma huutambui, na ile video inaishi kwenye simu mpaka simu ianguke baharini au iibiwe. Wazee wetu wengi wana deki na rimoti wameshaizoea, wanajua kitufe cha kuingiza diski na cha kucheza, na hawana haja ya bando. Halafu kuna jambo la kanda. Kila nyumba ya hapa ina sanduku au kabati lenye kanda za harusi za miaka ya 80 na 90, maulidi, mazishi ya mtu mkubwa, watoto wakisoma juzuu, na wale waliomo ndani wengi wametangulia mbele ya haki. Kanda hizo zinakufa, unyevu wa visiwani unazila, na mtu anayejifunza kazi hii nyumbani kwa upole wake ndo pengine mtu pekee katika ukoo atakaeziokoa. Mie nalichukulia kwa uzito huo.

Tuanze na lile linalowachanganya wengi kuliko yote: MP4 si aina ya video. MP4 ni pakacha. Ukiona pakacha limebebwa njiani hujui ndani mna maembe au mna mihogo mpaka ulifungue, na MP4, AVI, MKV, zote ni hivo hivo, ni kitu cha kubebea picha na sauti pamoja. Kilichomo ndani, ile njia ya kuibana picha, ndo inaitwa kodeki. Simu yako ikirekodi kwa kawaida inatumia H.264, na simu mpya mpya zinatumia H.265 mana inabana zaidi. Sasa tazama miaka. Dividii ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na walioitunga walichagua kodeki ya wakati wao ambayo ni MPEG-2. H.264 ilikuja mwaka 2003. Kwa hiyo deki ya dividii inakataa MP4 ya simu kwa sababu iliyo wazi, imefundishwa lugha moja na wewe unaileta lugha iliyozaliwa baada ya kanuni zake kufungwa. Deki nyengine za baadae zina tundu la flashi na zinacheza baadhi ya mafaili ya AVI, na tivii mpya zinacheza MP4 kwenye flashi bila tabu, hapo huna haja ya dividii kabisa. Lakini ukisema nataka diski inayocheza kwenye deki yoyote, bas ni MPEG-2.

Na MPEG-2 peke yake haitoshi, lazima iwe na vipimo vyake. Sisi huku tuko kwenye mfumo wa televisheni unaoitwa PAL. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, wakati Bara televisheni ilisubiri mpaka miaka ya 1990, na mfumo uliotumika hapa ni huo wa PAL: picha 25 kwa sekunde, na kwenye dividii upana wa nukta 720 na urefu wa 576. Marekani, Kanada na Japani wao ni NTSC, 720 kwa 480, picha 29.97 kwa sekunde. Hili si jambo la vitabuni tu. Ndugu zetu wa Omani, Dubai na Uingereza wote wako PAL kama sisi, ukiwapelekea diski inacheza. Ndugu aliyeko Kanada ukimpelekea hiyo hiyo deki yake inaweza kukataa, mana deki nyingi za kule hazikutengenezwa kucheza PAL, ilhali deki nyingi za huku zinacheza NTSC bila neno. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote uliza: hii diski inakwenda kwa nani na kwenye deki gani. Jibu la swali hilo ndo linaamua mipangilio yote iliyobaki, na mtu akianza na jibu hilo nusu ya matatizo hayaji.

Simu zinaleta shida yake hapa. Simu nyingi zinarekodi picha 30 kwa sekunde na wala si 30 kamili, mwanga ukipungua simu inapunguza picha, ukirudi inaongeza, kwa hiyo kasi inapanda na kushuka ndani ya faili moja. Programu nyingi za kuediti zinategemea kasi iliyotulia. Ndo mana watu wanalalamika mwanzo wa video mdomo na sauti viko pamoja, ikifika dakika ya 20 sheikh anafunga mdomo na sauti bado inasoma. Dawa yake ni kuipitisha ile video kwanza kwenye HandBrake au programu kama hiyo na kuchagua kasi isiyobadilika, ndo uingie kuediti. Na kama programu ya kamera kwenye simu yako inakuruhusu kuchagua 25, chagua 25 tangu siku ya shughuli, utajishukuru. Kama umesharekodi yote kwa 30, mie ushauri wangu ni kuunda diski ya NTSC badala ya kulazimisha 30 ziwe 25, mana ukilazimisha picha zinatupwa na mwendo unakuwa wa kukatika katika, khasa watu wakicheza ngoma au kamera ikigeuka taratibu. Ijaribu tu kwanza kwenye deki inayokwenda, lakini mara nyingi inacheza.

Kuna na hili la nyuso kunenepa. Umeona harusi nyingi bwana harusi kapasuka mashavu utasema kaongezeka kilo usiku mmoja, au wote wamekuwa wembamba warefu. Sababu ni kwamba dividii inahifadhi picha kwa nukta zile zile 720 kwa 576 iwe ya tivii ya zamani ya 4:3 au ya tivii pana ya 16:9, na ndani ya faili kunaandikwa alama inayoiambia deki inyooshe vipi. Alama ikiandikwa vibaya picha inavutwa vibaya. Kwa hiyo unapobana, angalia chaguo la umbo la picha, kamera na simu za saivi ni 16:9, kanda za zamani ni 4:3. Kanda ya 4:3 usiinyooshe kuijaza tivii pana, acha weusi pembeni, watu wetu waonekane walivokuwa.

Sasa kanda zenyewe, na hapa nitakaa kidogo mana ndo penye thamani kubwa. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, baadae zikaja kamera za kanda ndogo, Video8 na Hi8, na mwaka 1995 MiniDV. Hizi za MiniDV ndo rahisi kuliko zote kwa sababu kilichomo tayari ni dijitali, unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire na unanakili kile kile kilichorekodiwa bila kupoteza kitu, saa moja inakula kama GB 13. Tatizo ni kupata kompyuta yenye tundu hilo, laptopu za saivi hazina, kwa hiyo kompyuta kongwe ya mezani ambayo watu wanataka kuitupa inaweza kuwa mali.

VHS na Hi8 ni analogi, zinahitaji kifaa cha kuzigeuza. Viko vile vya kuchomeka kwenye USB, waya wa njano wa picha na nyekundu na nyeupe wa sauti. Kama deki ya kanda au kamera ina tundu la S-Video tumia hilo kwa picha, rangi zinatoka safi zaidi kwa Hi8. Vifaa vya bei ya chini kabisa vina tabia ya kupoteza picha kanda ikiyumba, na kanda yetu ya miaka 30 lazima iyumbe. Njia nzuri ambayo wengi hawaijui: kamera nyingi za MiniDV zinaweza kupokea picha ya analogi kutoka kwenye deki na kuipitisha moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta ikiwa dijitali, kwa hiyo kamera kongwe inakuwa ndo kifaa chako, na kazi yake mara nyingi inavishinda vile vifaa vya USB. Kabla ya yote tazama kanda kwenye kile kidirisha chake. Ukiona ungaunga mweupe juu ya mkanda, huo ni ukungu, usiitie kwenye deki nzima hata kama mama anasisitiza aione leo leo, mana ukungu unahamia kwenye vichwa vya deki na kutoka hapo unaingia kwenye kanda zote zitakazofuata. Kanda ya hivo inasafishwa kwanza, au inapewa anayejua. Na kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo, taratibu, kabla ya kuikapcha, yani kuiingiza kwenye kompyuta.

Ukikapcha VHS usikubali kishawishi cha kuikapcha kwa HD. VHS ina undani mdogo, kama mistari 240 ya upana, HD haiongezi kitu kisichokuwemo, inaongeza ukubwa wa faili tu. Kapcha 720 kwa 576, na uache fildi zake kama zilivyo. Fildi ni hivi: kila sekunde tivii ya zamani haikuonesha picha 25 nzima, ilionesha nusu picha 50, kwanza mstari mmoja ukiruka mmoja kisha ile iliyorukwa, na jicho linaziunganisha. Dividii inalijua hilo na inazihifadhi hivo hivo. Watu wakiona vile vimistari kama vya kitana kwenye kompyuta wanashtuka wanaviondoa, na hapo wanapoteza nusu ya mwendo. Viache, kwenye deki na tivii havitaonekana. Cha kuangalia ni mpangilio wa fildi: DV inaanza na fildi ya chini, vifaa vingi vyengine vinaanza na ya juu, na ukivipindua wakati wa kubana kila kinachotembea kinatetemeka mbele nyuma. Ukiona watu wamesimama wako sawa lakini wakitembea wanatetemeka, hiyo ndo sababu, rudi ubadilishe fildi. Halafu vile vichafu chini kabisa ya picha ya VHS ni kawaida, vinatoka kwenye vichwa vya deki, tivii za zamani zilivificha kwa sababu zinakata kingo. Ukitaka vifunike kwa weusi mwembamba, usiikuze picha kwa ajili yake.

Kuediti sasa. Laptopu ya kawaida inapata taabu na video ya simu na sababu inafaa kujulikana: H.264 haihifadhi kila picha nzima, inahifadhi picha moja nzima alafu zinazofuata zinaandika tu nini kimebadilika. Ukisimama katikati kukata, kompyuta inabidi irudi mpaka picha nzima iliyopita na ihesabu upya mpaka hapo ulipo. Ndo mana inaganda. Shotcut na Kdenlive zina chaguo la proksi, yani zinatengeneza nakala ndogo nyepesi ya kufanyia kazi, ukimaliza zinarudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa. Washa hiyo na hata laptopu ya skuli inaediti.

Kuhusu ladha nina msimamo. Harusi yetu ni ndefu, hina, akdi, ukumbini, na kamera inawashwa kuanzia alasiri mpaka usiku wa manane. Kata bila huruma watu wakila, watu wakisubiri, kamera ikitafuta pa kusimama. Lakini kuna vitu vya kuachwa vizima. Akdi iache nzima, kuanzia khutba mpaka bwana harusi anasema nimekubali, na usiweke muziki juu yake hata kidogo, wala athari za mioyo inayoruka. Sauti ile ndo ushahidi na ndo kumbukumbu. Wimbo wa taarab usiukate katikati ya ubeti, kama ni mrefu ingia kwenye kiitikio na utoke kwenye kiitikio, mana wanaotazama wanaujua neno kwa neno na watakasirika. Na pale wanawake wanapokwenda kumtunza mwimbaji usikate haraka haraka, kila mmoja anataka kujiona na ana haki. Wazee waliokaa pembeni kimya waweke sekunde tano tano, hata kama hawafanyi chochote. Miaka kumi mbele hizo ndo sekunde zitakazotafutwa.

Ujanja mmoja wa sauti unaobadilisha kazi nzima: anza sauti ya tukio linalokuja kabla picha yake haijaja. Ngoma ya beni inaanza kusikika huku bado tunamuona bi harusi akipakwa hina, sekunde mbili tatu, alafu picha ndo inahamia barabarani. Mtazamaji hahisi kukatwa. Na sauti iwe 48 kilohezi tangu mwanzo mpaka mwisho, dividii inataka hiyo, muziki wa sidii ni 44.1, uugeuze kabla.

Video ikishakamilika itoe kwa ubora mkubwa kabisa, faili hilo liite bwana mkubwa na ulihifadhi, mana kila video inapobanwa upya inapoteza kitu na haikirudishi. Kwa sababu hiyo hiyo usichukue dividii ya zamani ukaiediti ukaitoa ukaichukua tena ukaiediti. Rudi kwenye kanda au faili asili kila unapoweza.

Kubana ndo penye hesabu na hesabu yenyewe ndogo. Diski ya kawaida ya tabaka moja imeandikwa 4.7 GB, kompyuta yako itakuonesha 4.37 kwa sababu inahesabu kwa namna nyengine, ni kitu kile kile, hujaibiwa. Hiyo ni sawa na megabiti 37,600. Gawa kwa sekunde za video yako unapata kiwango cha juu kinachoingia. Saa mbili ni sekunde 7,200, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde, toa 0.2 ya sauti na acha nafasi kidogo ya menyu, video iwe 4.8. Saa moja unapata 10.4 lakini hapo unagonga kikomo cha dividii yenyewe, vyote pamoja visipite 10.08 na picha peke yake isipite 9.8, na mie nasema usipite 8 mana deki kongwe zikisoma diski ya kuchomwa kwa kasi kubwa zinajikwaa. Saa tatu ukitoa sauti unabaki na 3.3, na hapo vitambaa vinavyometa na taa za ukumbini zinazozunguka zinageuka vipande vipande vya mraba. Harusi ya saa tatu itie kwenye diski mbili. Ziko diski za matabaka mawili za 8.5 GB lakini bei yake juu na deki za zamani nyengine hazizitaki.

Chagua kubana kwa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu inatazama tu, wa pili inagawa, pale watu wametulia inapunguza na pale pana vurugu inaongeza. Inachukua muda mara mbili, iache usiku. Na kwa kanda ndefu ya VHS kuna njia iliyomo ndani ya kanuni za dividii ambayo inasahauliwa: picha ya 352 kwa 576. Deki zinaikubali, VHS haina undani unaozidi hapo, na kwa kuwa nukta ni nusu, zile megabiti 3.3 zinatosha vizuri. Kanda nzima ya saa tatu inaingia diski moja na inatazamika.

Kuunda diski sasa, ile kazi inayorukwa. DVDStyler inachukua video yako na inatengeneza folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake mna VOB ambazo ndo zimebeba picha na sauti, haizidi GB 1 kila moja, na IFO ambazo ndo maelekezo, na BUP ambazo ni nakala ya IFO zikiharibika. Deki ikipokea diski kitu cha kwanza inatafuta hiyo folda. Isipoiona, haisomi. Ndo yale ya bibi wa Mkunazini. Ukiona programu inakuambia inataka kuibana upya video uliyokwisha kuibana, angalia kama kuna kitu hakilingani, fildi au ukubwa au sauti, rekebisha hicho badala ya kuiachia ibane tena.

Menyu iwe na vitufe vikubwa na vichache, maandishi makubwa yasiyokaa kwenye kingo mana tivii ya zamani itayakata. Mtu mzima mwenye rimoti anatakiwa abonyeze mara moja video ianze. Sura weka pale watu wanapotaka kurukia, akdi, kuingia bi harusi, keki, kila shughuli na yake, sio kila dakika tano kama programu zinavyoweka zenyewe.

Na hapa kwenye kuunda diski ndo pa kushughulikia stara, jambo ambalo hakuna programu itakayokuuliza. Shughuli zetu nyingi zina upande wa wanawake peke yao, uliopigwa na mpigapicha mwanamke na waliomo hawakujifunga ushungi kwa sababu walijua nani atawaona. Usiziunganishe pande mbili hizo kwenye diski moja ukategemea menyu kuficha, mana mtu akibonyeza kitufe cha kuruka anaingia. Tengeneza diski mbili kamili, moja ya wote na moja ya wanawake, zenye rangi mbali mbali za kasha, na ile ya pili hesabu nakala zake na ujue kila moja ipo kwa nani. Mwenye kuediti awe ni mtu wa ndani anayefaa kuona, na hii khasa ndo sababu moja kubwa ya wasichana wa nyumbani kujifunza kazi hii. Mafaili yake yasikae kwenye simu wala kwenye hifadhi ya mtandaoni, na laptopu ikienda kwa fundi yatolewe kwanza. Kuhusu nyimbo, kwa diski za familia hutasumbuliwa, lakini ukianza kuuza au kuweka hadharani muziki wa watu una wenyewe, ofisi inayoshughulikia hakimiliki hapa ni COSOZA, pita ukaulize.

Kuchoma ni kwepesi ukiwa na subira. DVD-R ndo inayokubaliwa na deki nyingi za zamani. Chagua kasi ya kati, 4 au 8, usiache programu ichague ya juu kabisa. Tumia laptopu yenye betri nzima au UPS, mana umeme ukikatika katikati diski hiyo imekwenda. Washa chaguo la kuhakiki baada ya kuchoma na hakikisha diski imefungwa (kwenye programu huandikwa finalize), bila kufungwa kompyuta iliyoichoma inaweza kuisoma na deki isiisome. Usibandike karatasi juu ya diski, inaipa uzito upande mmoja na kwa joto letu gundi inajikunja, andika kwa kalamu maalumu ya diski. Alafu ichukue ukaijaribu kwenye deki, tena deki kongwe kuliko zote unayoipata mtaani, mwanzo, katikati na khasa mwisho mana ukingo wa nje wa diski ndo unaosumbua.

Diski ziwekwe zimesimama kwenye kasha, mbali na jua, na zisiwekwe juu ya tivii yenye moto. Wala isiwe ndo nakala pekee. Lile faili la bwana mkubwa na kile ulichokapcha kwenye kanda viwe kwenye hard disk mbili zinazokaa nyumba mbili, moja kwako mjini na moja kwa dada Chake Chake, na kila mwaka uzichomeke uone kama bado zinafunguka.